Nani Anaiuliza NASA Maswali? Mwongozo Kamili wa Kamati za Bunge la Marekani Zinazosimamia Sayansi na Teknolojia

Ukiuliza ni kamati ipi ya Bunge la Marekani inayosimamia sayansi, wengi watakujibu bila kusita: Kamati ya Sayansi, Anga za Juu na Teknolojia ya Baraza la Wawakilishi. Jina lenyewe linajieleza. Lakini tazama taasisi inayopata fedha nyingi kuliko zote katika utafiti wa kiraia nchini humo. Ni NIH, Taasisi za Taifa za Afya, iliyotengewa takriban dola bilioni 47 katika mwaka wa fedha 2024. NIH haiko chini ya Kamati ya Sayansi. Iko chini ya Kamati ya Nishati na Biashara.

Teknolojia nayo ni vivyo hivyo. Aprili 2018 Mark Zuckerberg alipoitwa kueleza jinsi Facebook ilivyotumia taarifa za watu, siku ya kwanza alihojiwa na Kamati ya Sheria na Kamati ya Biashara za Seneti zikiwa zimeketi pamoja, na siku ya pili akahojiwa na Kamati ya Nishati na Biashara ya Wawakilishi. Mei 2023 Sam Altman wa OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, alipokwenda kuzungumzia akili mnemba, alikaa mbele ya kamati ndogo ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Mara zote hizo, kamati yenye neno "sayansi" mwanzoni mwa jina lake haikuwa mwenyeji.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mtafiti, mwanafunzi au mtu wa asasi anayetaka kujua, kwa jambo mahususi la sayansi au teknolojia, nani ndani ya Bunge la Marekani ana mamlaka ya kuhoji, nani anaandika sheria, na nani anashika mfuko. Mambo haya matatu mara nyingi yako katika mikono mitatu tofauti, na anayeyachanganya huishia kumwandikia mtu asiye na uwezo wa kubadili chochote.

Hatua ya 1: Anza na taasisi, si somo

Usianze na "hali ya hewa", "akili mnemba" au "nyuklia". Mgawanyo wa kazi za kamati haukupangwa kwa masomo. Umepangwa kwa taasisi na sheria zilizoziunda, na masomo yakafuata humo. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: ni taasisi gani ya serikali inayofanya jambo hili au inayolilipia?

Andika jina la taasisi kwenye karatasi. Kama ziko mbili au tatu, ziandike zote, kila moja kwenye mstari wake. Setilaiti ya hali ya hewa, kwa mfano, inaendeshwa na NOAA, shirika la bahari na angahewa, lakini NASA ndiyo inayosimamia utengenezaji na urushaji wake. Roketi ya kibiashara hupewa leseni na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Masafa ya redio yanayotumiwa na makampuni ya simu hugawiwa na FCC, tume ya mawasiliano. Hizo ni taasisi nne katika mambo yanayogusana, na kila moja ina wasimamizi wake bungeni.

Hatua ya 2: Uliza ni kitendo gani kinachokuhusu

Taasisi moja inaweza kuwa na wakubwa kadhaa kutegemea inachokifanya. Vitendo vya kutofautisha ni vinne: kufanya utafiti, kuweka na kusimamia kanuni, kuhudumia jeshi, na kusimamia rasilimali kama samaki, ardhi au madini.

Nyuklia inaonyesha jambo hili vizuri. Utafiti wa nishati ya nyuklia katika maabara za kiraia za Wizara ya Nishati uko chini ya Kamati ya Sayansi ya Wawakilishi. Utoaji wa leseni za vinu vya umeme, unaofanywa na tume ya udhibiti wa nyuklia, uko chini ya Kamati ya Nishati na Biashara. Mabomu ya nyuklia, ingawa yanasimamiwa na Wizara hiyo hiyo ya Nishati, yako chini ya Kamati ya Masuala ya Kijeshi. Upande wa Seneti, kanuni zenyewe zimekata mstari: uendelezaji wa nishati ya nyuklia usio wa kijeshi umepewa Kamati ya Nishati na Maliasili, na udhibiti wake wa kimazingira umepewa Kamati ya Mazingira na Kazi za Umma. Mtu anayesema "nataka kuzungumza na kamati ya nyuklia" bado hajasema kitu.

Mazingira yamegawanyika vivyo hivyo. Utafiti wa mazingira ni wa Kamati ya Sayansi. Kanuni za hewa safi ni za Kamati ya Nishati na Biashara. Kanuni za uchafuzi wa mito na maziwa ni za Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu. Msomaji akishangaa kwamba kamati ya barabara na madaraja inashughulikia maji machafu, ana haki ya kushangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 3: Soma kanuni yenyewe

Watu wengi huiruka hatua hii, nami ningeiweka mbele ya vitabu vyote vya maelezo. Mamlaka ya kamati za Wawakilishi yameandikwa katika Kanuni ya X ya Baraza hilo, na ya Seneti yako katika Kanuni ya XXV. Maneno ni machache na yanasomeka.

Kanuni ya X inaipa Kamati ya Sayansi utafiti wote wa nishati na maabara za nishati za shirikisho zisizo za kijeshi, utafiti wa anga za juu pamoja na NASA, utafiti wa usafiri wa anga wa kiraia, utafiti wa mazingira na wa bahari, taasisi ya viwango na teknolojia NIST, wakfu wa taifa wa sayansi NSF, huduma ya taifa ya hali ya hewa, na ufadhili wa masomo ya sayansi. Tazama jinsi neno "utafiti" linavyojirudia. Hilo ndilo ukuta wa kamati hii. Pale utafiti unapoishia na amri kwa viwanda inapoanza, kamati nyingine inaingia.

Kanuni hiyo hiyo, katika kifungu cha usimamizi maalumu, inaitaka Kamati ya Sayansi ipitie mara kwa mara sheria na programu zote za serikali za utafiti usio wa kijeshi. Hapa kuna mlango muhimu: kamati inaweza kuhoji utafiti ambao haina mamlaka ya kuutungia sheria. Ukisikia Kamati ya Sayansi imefanya kikao juu ya jambo lililo nje ya orodha yake, jua imepitia mlango huu.

Historia inaeleza kwa nini orodha iko hivi. Oktoba 1957 Umoja wa Kisovyeti ulirusha Sputnik. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likaunda kwanza kamati teule ya anga, kisha kamati ya kudumu ya Sayansi na Anga. Ilizaliwa ili kuilea NASA, iliyoundwa mwaka huo huo wa 1958. Nishati, mazingira na utafiti wa usafiri wa anga vikaongezwa katika mageuzi ya miaka ya 1970. Utafiti wa tiba na wa kilimo ulikuwa tayari na kamati zake tangu zamani, na hakuna mwenyekiti aliyekubali kuuachia. Mpaka leo kamati hulinda mipaka yake kwa wivu mkubwa, kwa kuwa mamlaka ndiyo heshima ya mwenyekiti.

Seneti ilipanga upya kamati zake mwaka 1977. Kamati yake ya anga ikafutwa, na kazi zake zikahamia kwenye Kamati ya Biashara, Sayansi na Uchukuzi. Ndiyo maana NASA na reli ziko meza moja huko.

Hatua ya 4: Chora ramani ya taasisi yako

Chini ya kila taasisi uliyoandika, jaza kamati ya Wawakilishi, kamati ya Seneti, na kamati ndogo ya fedha (hii ya tatu nitaifafanua katika hatua inayofuata). Kwa taasisi zinazoulizwa zaidi, ramani ni hii:

- NASA: Kamati ya Sayansi kwa Wawakilishi, Kamati ya Biashara, Sayansi na Uchukuzi kwa Seneti.
- NSF: Kamati ya Sayansi kwa Wawakilishi. Seneti imegawanyika: Kamati ya Biashara ina mkono, na Kamati ya Afya, Elimu, Kazi na Pensheni ina mkono. Uteuzi wa mkurugenzi hupitia hii ya pili.
- NIH: Kamati ya Nishati na Biashara kwa Wawakilishi, Kamati ya Afya, Elimu, Kazi na Pensheni kwa Seneti.
- NOAA: hali ya hewa na utafiti ni vya Kamati ya Sayansi, uvuvi ni wa Kamati ya Maliasili. Seneti ni Kamati ya Biashara.
- Maabara za kiraia za Wizara ya Nishati: Kamati ya Sayansi, Seneti ni Kamati ya Nishati na Maliasili.
- FCC, yaani simu, intaneti na masafa: Kamati ya Nishati na Biashara, Seneti ni Kamati ya Biashara.
- Utafiti wa kijeshi, pamoja na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi: kamati za masuala ya kijeshi za pande zote mbili.
- Utafiti wa kilimo: kamati za kilimo za pande zote mbili.
- Hataza (haki za uvumbuzi) na hakimiliki: kamati za sheria.

Ramani za mabaraza mawili hazifanani, na hilo lina maana kubwa kwa anayefuatilia muswada. Ukiwa na muswada wa utafiti wa nishati, kwa Wawakilishi unaongea na watu wale wale wanaoijua NASA na NSF. Ukivuka kwenda Seneti unaongea na maseneta wanaoshinda na migodi, mabomba ya gesi na ardhi za umma. Hoja iliyowashawishi wa kwanza inaweza isiwaguse wa pili kabisa. Ushahidi, mifano na hata majimbo unayoyataja inabidi vibadilike.

Hatua ya 5: Fuata fedha

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Bunge la Marekani lina aina mbili za sheria zinazogusa taasisi. Ya kwanza huidhinisha: inaunda programu, inaweka malengo, na inataja kiasi cha fedha ambacho kinaweza kutumika. Ya pili hutoa fedha zenyewe. Kamati zote nilizozitaja mpaka sasa zinaandika sheria za aina ya kwanza. Za aina ya pili zinaandikwa na Kamati ya Matumizi ya Fedha ya kila baraza, yenye kamati ndogo 12, na kila kamati ndogo ina muswada wake wa mwaka.

Umbali kati ya aina hizi mbili unaonekana wazi katika sheria ya chipu za kompyuta na sayansi iliyotiwa saini Agosti 9, 2022. Sheria hiyo iliidhinisha takriban dola bilioni 81 kwa NSF katika miaka mitano. Kwa mwaka wa fedha 2024 pekee kiasi kilichoidhinishwa kilikuwa takriban dola bilioni 15.6. Kamati za fedha zilipomaliza kazi, NSF ilipata dola bilioni 9.06. Viwanda vya chipu vyenyewe vilipata fedha zao kwa sababu zilitolewa ndani ya sheria hiyo hiyo. Utafiti wa NSF, kwa sehemu kubwa, ulipewa idhini tu. Vichwa vya habari vya 2022 vilivyoshangilia "mabilioni ya sayansi" viliripoti idhini kana kwamba ni fedha. Ukiona tarakimu kubwa ya sayansi katika sheria ya Marekani, uliza kwanza: imeidhinishwa au imetolewa?

Kamati ndogo za fedha nazo zina mgawanyo wao, na haufuati ule wa kamati za kuidhinisha. NASA, NSF, NOAA na NIST ziko katika kamati ndogo ya Biashara, Haki na Sayansi, pamoja na FBI na magereza ya shirikisho. NIH iko katika kamati ndogo ya Kazi, Afya na Elimu. Wizara ya Nishati iko katika kamati ndogo ya Nishati na Maji, inayolipia pia mabwawa na bandari. Shirika la ulinzi wa mazingira EPA na wanajiolojia wa USGS wako katika kamati ndogo ya Mambo ya Ndani na Mazingira. FDA, mamlaka ya chakula na dawa, inatungiwa sheria na Kamati ya Nishati na Biashara lakini inalipwa na kamati ndogo ya Kilimo. FCC inalipwa na kamati ndogo ya Huduma za Kifedha.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu kila kamati ndogo hupewa kiwango chake cha juu, na taasisi zilizo humo hugombania fungu hilo hilo. Mpaka mwaka 2005 NASA na NSF zilikuwa katika kamati ndogo moja na wizara ya askari wastaafu na wizara ya makazi. Dola moja ya darubini ilikuwa inashindana na dola ya hospitali ya askari mlemavu, na mwanasiasa gani angesimama hadharani kuchagua darubini? Mwaka huo kamati ndogo hiyo ilivunjwa na sayansi ikahamishwa. Leo inashindana na polisi na magereza. Hakuna mtu aliyeketi akapima umuhimu wa sayansi dhidi ya magereza. Ni mpangilio wa meza tu, nao huamua mengi.

Julai 2011 kamati ndogo ya fedha ya Wawakilishi ilipendekeza kuufuta mradi wa darubini ya anga ya James Webb, kwa sababu gharama zilikuwa zimepanda na ratiba imeteleza. Kamati ndogo mwenza upande wa Seneti iliongozwa na Barbara Mikulski wa Maryland, jimbo lenye kituo cha NASA cha Goddard kilichousimamia mradi huo. Seneti ikaulinda. Novemba 2011 mradi ulipewa takriban dola milioni 530, ukawekewa kikomo cha gharama za ujenzi cha dola bilioni 8, na darubini ikarushwa Desemba 25, 2021. Mwaka 1993 kiongeza-kasi kikubwa cha chembe, mtambo wa utafiti wa fizikia uliokuwa unajengwa chini ya ardhi Texas, hakikupata bahati hiyo. Takriban dola bilioni 2 zilikuwa zimeshatumika, Seneti ilitaka kiendelee, Wawakilishi wakakataa kukilipia, na kikaishia hapo.

Kamati za fedha zina silaha nyingine tulivu zaidi: masharti. Tangu 2011, sheria ya fedha ya kila mwaka imekuwa na kifungu kinachoizuia NASA na ofisi ya sera ya sayansi ya Ikulu kutumia fedha kwa ushirikiano wa moja kwa moja na China bila kutimiza masharti maalumu. Kinaitwa kwa jina la Frank Wolf, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya fedha ya Wawakilishi inayoilipia NASA. Mistari michache ndani ya muswada wa fedha imepanga uhusiano wa kianga wa mataifa mawili makubwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa vitendo, fanya hivi. Tafuta muswada wa fedha wa kamati ndogo inayohusika, kisha tafuta ripoti inayoambatana nao. Ripoti ndiyo yenye maelezo: mradi upi uongezewe, upi uchunguzwe, taarifa ipi iletwe ndani ya siku ngapi. Kisheria maneno ya ripoti si sheria. Hata hivyo taasisi huyatii, kwa kuwa waandishi wake ndio watakaorudi mwakani na kalamu ile ile. Soma ripoti za mabaraza yote mawili, kisha soma maelezo ya pamoja yanayotolewa na muswada wa mwisho, uone upande gani umeshinda.

Hatua ya 6: Angalia uteuzi

Seneti pekee ndiyo inayothibitisha wateule wa Rais. Kikao cha uthibitisho ni nafasi adimu ya kumbana mtu kabla hajakalia kiti, na mara nyingi seneta hupata ahadi za maandishi hapo ambazo zinaweza kunukuliwa miaka kadhaa baadaye. Mkuu wa NASA, wa NOAA na wa NIST hupitia Kamati ya Biashara. Wa NIH na wa NSF hupitia Kamati ya Afya na Elimu. Wa USGS hupitia Nishati na Maliasili. Wa EPA hupitia Mazingira na Kazi za Umma.

Hatua ya 7: Usizisahau kamati zinazoingia popote

Kamati ya Usimamizi ya Wawakilishi na Kamati ya Usalama wa Ndani na Mambo ya Serikali ya Seneti zina ruhusa ya kuchunguza karibu taasisi yoyote. Chunguzi zenye joto la kisiasa hupenda kwenda huko. Uchunguzi wa Wawakilishi kuhusu chanzo cha UVIKO-19 ulifanywa na kamati ndogo teule iliyowekwa chini ya Kamati ya Usimamizi, ambayo ilitoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2024. Ilihoji wanasayansi wa NIH ingawa haiandiki sheria za NIH wala haitoi fedha zake.

Kamati za kawaida nazo huchunguza. Baada ya chombo cha Challenger kulipuka Januari 28, 1986, Tume ya Rais ilifanya kazi yake, na Kamati ya Sayansi ikafanya ya kwake na kutoa ripoti Oktoba mwaka huo. Mimi nauona uchunguzi wa aina hii kuwa wenye thamani zaidi: wajumbe na wataalamu wao walikuwa wameifuatilia NASA miaka mingi, kwa hiyo walijua pa kuuliza, na baada ya kuuliza walikuwa na uwezo wa kubadili sheria.

Kamati pia zina wasaidizi. GAO, ofisi ya uwajibikaji iliyoanzishwa 1921, hufanya ukaguzi kwa maombi ya kamati, na tangu 2019 ina kitengo maalumu cha sayansi na tathmini ya teknolojia. Idara ya utafiti ya Bunge, CRS, huandika ripoti za maelezo zilizo wazi kwa umma. Zamani ilikuwepo ofisi ya tathmini ya teknolojia, OTA, iliyoanzishwa 1972 na kunyimwa fedha 1995. Kuifunga ilikuwa hasara kubwa. Bunge lilijinyima wataalamu wake wenyewe wakati intaneti ndiyo kwanza inaingia majumbani. Ripoti zake bado zinapatikana, na nyingi bado zinafaa kusomwa. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, tafuta ripoti ya GAO na ya CRS juu ya jambo lako. Ukurasa wa mwanzo wa ripoti ya GAO hutaja aliyeiomba, na mara nyingi jina hilo ndilo linalokuambia nani bungeni anajali jambo hilo kwa dhati.

Hatua ya 8: Fuatilia muswada ulikopelekwa

Fungua Congress.gov, andika namba ya muswada, kisha fungua sehemu ya kamati. Kwa Wawakilishi, Spika hupeleka muswada kwa kushauriana na mtaalamu wa kanuni za Baraza. Kamati moja huwa ya msingi, na nyingine zinaweza kuongezwa kwa vifungu vinavyozihusu. Seneti kwa kawaida hupeleka muswada mzima kwa kamati yenye sehemu kubwa zaidi ya mada yake.

Waandishi wa miswada wanalijua hili vizuri, na huchagua maneno wakiwa na kamati akilini. Programu ikiitwa "ya utafiti na majaribio" inaelekea Kamati ya Sayansi. Ikiongezwa kifungu kinacholazimisha makampuni, inaweza kupelekwa Nishati na Biashara pia, na muswada unaopita kamati tatu una nafasi tatu za kukwama.

Angalia pia barua za wenyeviti. Kamati iliyoongezwa inaweza kukubali muswada uendelee bila kuujadili, lakini mwenyekiti wake huandika barua kusema kwamba hajaachia mamlaka yake. Barua hizo huchapishwa katika ripoti ya kamati au katika kumbukumbu za Bunge. Zinasomeka kama adabu tupu, lakini kwa mfuatiliaji ni ramani ya mipaka inayogombaniwa.

Mfano wa kufanyia mazoezi: masafa ya gigahezi 24

Mwaka 2019 FCC iliandaa mnada wa masafa ya gigahezi 24 kwa ajili ya mitandao ya 5G. Jirani yake, karibu na gigahezi 23.8, ndipo mvuke wa maji angani hutoa mawimbi hafifu ambayo setilaiti za hali ya hewa huyapima. NOAA na NASA zilihofia kwamba kelele za mitambo ya simu zingeyafunika.

Pitisha jambo hili katika hatua zetu. Taasisi ni FCC, NOAA na NASA. Vitendo ni viwili: kudhibiti masafa, na kutabiri hali ya hewa. Utabiri uko chini ya Kamati ya Sayansi. Masafa yako chini ya Kamati ya Nishati na Biashara. Fedha za NOAA na NASA ziko kamati ndogo moja, za FCC ziko nyingine. Walioathirika na waliosababisha hawakuwa na msimamizi mmoja upande wa Wawakilishi.

Machi 2019 mwenyekiti wa Kamati ya Sayansi, Eddie Bernice Johnson wa chama cha Democratic, na Frank Lucas, kiongozi wa wajumbe wa Republican katika kamati hiyo, waliandika barua ya pamoja kuiomba FCC isitishe mnada. FCC haiko chini yao, na mnada uliendelea. Mei mwaka huo kaimu mkuu wa NOAA, Neil Jacobs, aliiambia kamati ndogo ya Kamati ya Sayansi kwamba mwingiliano huo ungeweza kupunguza usahihi wa utabiri kwa kiasi kinachofikia asilimia 30. Kamati iliweza kuliweka jambo hadharani na kwenye kumbukumbu. Kumwamuru mdhibiti haikuweza. Anayekutana na mgogoro wa namna hii asiishie kwa kamati inayomwonea huruma. Aende pia kwa ile yenye amri juu ya upande wa pili, na kwa kamati ndogo inayoulipa upande huo.

Hatua ya 9: Jua kalenda na namna ya kufika

Bunge jipya huanza Januari ya kila mwaka wa namba witiri. Ifikapo Machi 1 ya mwaka huo karibu kila kamati ya kudumu ya Wawakilishi hutakiwa kuwa na mpango wa usimamizi wa miaka miwili, nao ni waraka wa wazi. Usome. Kama jambo lako limo, nukuu mstari wake unapoandika. Kama halimo, una kazi kubwa zaidi, na ni afadhali ujue mapema.

Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1. Rais hutuma mapendekezo ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi kwa kuchelewa, na wakuu wa taasisi huitwa kwenye vikao vya fedha katika miezi inayofuata. Maombi ya kuongeza au kupunguza fungu hupokelewa majira hayo ya kuchipua (Machi hadi Mei). Anayefika Septemba amekuta mikataba imeshafungwa.

Kikao cha kusikiliza ushahidi kwa Wawakilishi hutangazwa kwa kawaida wiki moja kabla, pamoja na majina ya mashahidi. Walio wengi huchagua mashahidi wengi, walio wachache hupata angalau mmoja. Mashahidi wasio wa serikali hutakiwa kutaja ruzuku na mikataba ya shirikisho inayohusiana na mada. Fomu hizo huwekwa wazi, na zinafaa kusomwa kabla ya kuamini maneno.

Ukiandika, waandikie wafanyakazi wa kamati ndogo, si ofisi ya jumla ya kamati. Waandikie wa pande zote mbili, kwa maana wa chama cha wachache leo wanaweza kushika uenyekiti baada ya uchaguzi, na hukumbuka nani aliwaheshimu. Barua iwe ya ukurasa mmoja: taasisi, kitendo, kifungu cha sheria au mstari wa bajeti, na swali moja ambalo mjumbe anaweza kuliuliza katika dakika zake tano.

Kikao kikiisha, usifunge faili. Wajumbe hutuma maswali ya ziada kwa maandishi, na taasisi hujibu wiki au miezi kadhaa baadaye. Majibu huchapishwa katika kumbukumbu rasmi ya kikao. Mle ndimo tarakimu ambazo mkuu wa taasisi aliahidi "kuzileta baadaye" hupatikana, na ni waandishi wachache sana wanaorudi kuzitafuta.